Kwa nini panya hawamaliziki hata wakiuawa kila siku

Mlipuko wa panya ukitangazwa, taarifa huwa na sura ile ile: mizoga imepangwa safu, kiongozi anataja idadi, halafu inakuja ahadi ya sumu zaidi. Miezi michache baadaye panya wako pale pale, na watu wanaulizana kama sumu ilikuwa feki. Mara nyingi haikuwa feki. Kasoro iko kwenye hesabu. Mizoga inaeleza panya wangapi wamekufa. Wangapi wamebaki, na wangapi watazaliwa mwezi ujao, haisemi.

Mji wa Hanoi, Vietnam, ulilipa ada ya somo hilo mwaka 1902. Watawala wa Kifaransa walikuwa wamejenga mifereji mipya ya maji taka chini ya mji, panya wakaigeuza makao. Kwa hofu ya tauni, serikali ikaajiri wawindaji wa kushuka humo, na siku moja ya Juni waliripoti kuua panya zaidi ya 20,000. Bado panya hawakupungua. Yakatangazwa malipo kwa mwananchi yeyote atakayewasilisha mkia. Mikia ikamiminika kweli, ila baada ya muda panya wasio na mikia wakaanza kuonekana mitaani: watu walikuwa wakikata mkia na kumwachia mnyama akazae. Wengine, pembezoni mwa mji, walikutwa wanafuga panya. Mpango ukafutwa. Serikali ilikuwa ikinunua mikia, na mikia ndiyo iliyoletwa.

Ili kuelewa ni kwa nini kuua peke yake hakufui dafu, inabidi kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani.

Kundi la wanyama wagugunaji lina spishi zaidi ya 2,000, yaani karibu asilimia 40 ya spishi zote za mamalia. Humo wamo panya wa kila aina, kindi, nungunungu, ndezi na fuko. Sungura hayumo. Hayumo pia kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali, ambaye chakula chake ni wadudu na ambaye huuawa kila siku kwa kosa la kufanana na panya. Alama ya mgugunaji ni meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, yasiyoacha kukua maisha yake yote. Upande wa mbele wa jino ni mgumu kuliko wa nyuma, kwa hiyo nyuma hulika haraka zaidi na makali hujinoa yenyewe. Watu husema panya akikosa kitu cha kuguguna meno yatamtoboa. Kwa panya mwenye afya haiko hivyo, maana huyasaga meno yenyewe kwa yenyewe. Anayepatwa na balaa hilo ni yule ambaye taya zake hazikutani sawasawa.

Kati ya spishi hizo zote, zinazosumbua mashamba, maghala na nyumba hazifiki moja ya kumi. Nyingine zinafukua udongo, zinaeneza mbegu na kulisha bundi, nyoka na vicheche. Panya buku, mmoja wa panya wakubwa kabisa barani Afrika, amefundishwa na shirika la APOPO lenye makao yake Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu ya ardhini na kutambua vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kwa hiyo tunaposema kudhibiti panya, tunamaanisha spishi fulani, mahali fulani, anapoleta hasara. Kufuta panya wote haiwezekani, na hata ingewezekana lingekuwa jambo la kijinga.

Udhibiti unaozingatia ikolojia, jina lililoanza kushika mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia watafiti kama Grant Singleton wa Australia na Herwig Leirs wa Ubelgiji, huanza na maswali kabla ya silaha. Panya huyu ni yupi? Anazaa lini, na nini kinamchochea kuzaa? Analala wapi shamba likiwa tupu? Sumu haijapigwa marufuku katika mtazamo huu. Imeondolewa tu kwenye kiti cha mbele.

Hesabu inayosahau kifo

Utasikia kwamba jozi moja ya panya huleta maelfu ya panya kwa mwaka. Kwenye karatasi inawezekana. Yule panya mkubwa wa kahawia wa mijini, Rattus norvegicus, hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, huzaa watoto saba au wanane kwa mkupuo mmoja, na anaweza kushika mimba nyingine siku moja tu baada ya kujifungua. Watoto wake huanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu. Panya shamba, Mastomys natalensis, aliyeenea kusini mwa Sahara, amemzidi: jike anaweza kuwa na chuchu 24, na watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo kwake ni jambo la kawaida.

Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba hakuna anayekufa ndani yake. Nje ya karatasi, panya wengi hawamalizi mwaka mmoja. Njaa, magonjwa, bundi, baridi na panya wenzao huwapunguza kila siku. Idadi yao inawekewa mpaka na chakula na mahali pa kujificha. Uwezo wa kuzaa unaamua ni kwa kasi gani watarudi kwenye mpaka huo baada ya kupunguzwa.

Chukua nyumba yenye vyumba ishirini, imejaa wapangaji, na kodi ni bure. Ukifukuza wapangaji kumi ukaacha vyumba wazi, vitajaa tena: vingine watoto wa waliobaki, vingine wageni waliosikia kuna nafasi. Shamba lenye vichaka pembeni, mabua yaliyoachwa na nafaka iliyomwagika ndiyo nyumba hiyo. Tena waliobaki wananufaika. Kila mmoja anapata chakula zaidi, ugomvi unapungua, na watoto wengi zaidi wanaishi hadi ukubwani. Mkulima anayetega sumu peke yake huku majirani wamekaa kimya anawasafishia vyumba panya wa jirani, na kwa kawaida wanahamia ndani ya wiki chache.

Mvua ya vuli na panya wa mwaka kesho

Morogoro ni mojawapo ya sehemu chache Afrika ambako panya shamba wamefuatiliwa kwa miongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ubelgiji wamekuwa wakiwanasa, kuwatia alama na kuwaachia, mwezi baada ya mwezi. Eneo lile lile linaweza kuwa na panya wasiofika 20 kwa hekta kipindi kimoja, na mamia kipindi kingine. Kilichoelezea pengo hilo ni mvua, hasa wakati inaponyesha.

Majani machanga yanayochipua baada ya mvua ndiyo huwasukuma majike kuanza kuzaa. Mwaka wa kawaida, uzazi huanza kama mwezi mmoja baada ya masika kukolea. Watoto wa msimu huo hukua polepole na hungoja mvua za mwaka unaofuata ndipo nao wazae. Vuli ikiwa kubwa, ratiba hiyo inavurugika. Majike huanza mapema, karibu na Januari, na masika yanapofika mabinti zao wamekwisha kukomaa, wanazaa nao mwaka ule ule. Kimeongezeka kizazi kimoja tu, lakini kwa mnyama anayezaa kumi kwa mkupuo, kizazi kimoja ni mafuriko. Ifikapo Oktoba au Novemba mashamba yamejaa, na hao ndio watakaokutana na mbegu za msimu ujao. Mwaka 1996 Leirs na wenzake wa Tanzania na Ubelgiji walichapisha njia ya kutabiri milipuko kwa kutumia mvua hiyo ya mwanzo wa msimu. Maana yake ni kwamba dalili inaonekana miezi mingi kabla ya hasara, kwa yeyote mwenye kipimo cha mvua.

Sasa tazama hasara yenyewe inavyotokea kwenye mahindi. Panya shamba haharibu kwa usawa msimu mzima. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda hadi kama wiki mbili baadaye. Usiku anafuata mstari, anafukua mbegu moja baada ya nyingine, na zikishachipua anamaliza miche. Baada ya hapo mmea unakuwa mkubwa na hasara inashuka, hadi mahindi yanapokomaa. Mkulima huiona asubuhi mistari ikiwa na mapengo, anakimbilia sumu, na sumu inafanya kazi vizuri kabisa: inaua panya waliokwisha kula mbegu. Ingetakiwa iwe imefanya kazi hiyo kabla ya kupanda, na kwenye mashamba ya majirani pia.

Kanuni ya chakula kwanza, panya baadaye, inajirudia kwingine. Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, kuna mianzi inayochanua kwa pamoja kila baada ya takriban miaka 48. Mbegu zake zinafurika, panya wanazaliana juu ya shibe hiyo, na mbegu zikiisha wanashuka mashambani. Njaa iliyofuata mchanuo wa 1959 iliacha chuki kubwa dhidi ya serikali, iliyochangia uasi wa 1966. Mianzi ilichanua tena miaka ya 2006 na 2007, safari hii mamlaka zikiwa zimejua mapema. Nchini Australia, mavuno makubwa baada ya ukame kuisha mwaka 2020 yalifuatwa na mlipuko wa panya wadogo wa nyumbani mwaka 2021. Jimbo la New South Wales liliomba kutumia sumu kali ya bromadiolone mashambani, na mamlaka ya taifa ya viuatilifu ikakataa kwa kuhofia ndege na wanyama wengine watakaokula mizoga.

Sumu inavyofanya kazi, na inavyogoma

Sumu za panya ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza huua ndani ya saa chache. Mfano ni fosfidi ya zinki, ule unga wa kijivu unaonuka, ambao ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini. Ubaya wake ni kasi yake. Panya hawezi kutapika, na labda ndiyo sababu ana tahadhari kubwa na chakula. Panya wakubwa wa mijini hukiogopa kitu kigeni kwa siku kadhaa, kisha huonja kidogo. Akionja kidogo, akaumwa bila kufa, anaunganisha ugonjwa na chakula kile, na hakigusi tena. Hapo watu husema panya wamekuwa wajanja. Wamejifunza, na aliyewafundisha ni aliyeweka chambo chenye sumu siku ya kwanza, badala ya kuweka chakula kitupu kwanza hadi wakizoee.

Aina ya pili huzuia damu kuganda, na ndiyo iliyotawala tangu warfarin ilipoingia sokoni karibu na mwaka 1950. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na sumu hii inafunga njia ya kuirudisha vitamini hiyo ili itumike tena. Panya hufa siku kadhaa baadaye kwa kuvuja damu ndani, akiwa hana sababu ya kukishuku chakula alichokula juzi. Ndiyo maana pia mtu aliyeimeza kwa bahati mbaya hutibiwa hospitali kwa vitamini K, na ndiyo maana asingoje dalili ndipo aende: dalili huchelewa kama kifo cha panya kinavyochelewa.

Mwaka 1958 huko Uskoti wakaonekana panya wasiodhurika na warfarin. Viwanda vikajibu kwa sumu kali zaidi, zinazokaa mwilini muda mrefu. Hapo tatizo likahamia kwa wanaokula panya. Flaco, bundi mkubwa aliyetoroka bustani ya wanyama ya Central Park, New York, Februari 2023, aliishi mwaka mzima akiwinda panya wa mjini na kuwa kipenzi cha wakazi. Februari 2024 alikutwa chini baada ya kugonga jengo. Uchunguzi ulikuta mwilini mwake sumu nne tofauti za panya, pamoja na virusi vikali vya njiwa. Baraza la jiji likapitisha sheria yenye jina lake, ya kujaribu chambo chenye dawa ya kuzuia panya kuzaa. Uzazi wa mpango kwa panya unachekesha kuusikia, lakini kwa mtazamo wa vyumba vya kupangisha una mantiki: panya tasa anaendelea kukalia chumba chake na kumzuia mgeni.

Idadi ya bundi hairudi haraka kama ya panya. Bundi kwa kawaida huzaa mara moja kwa mwaka, na vifaranga wachache, kwa hiyo kila kampeni ya sumu kali hukata pande zote mbili, na upande mmoja tu ndio unaopona upesi.

Kwenye mpunga walivyofanya

Mfano ulioiva zaidi wa kutumia biolojia unatoka kwenye mpunga wa Indonesia na Vietnam. Panya wa mpunga wa huko, Rattus argentiventer, ana tabia moja inayomponza: majike huanza kuzaa mpunga unapokaribia kutoa masuke. Majirani wote wakipanda ndani ya wiki mbili, kuna dirisha moja fupi la uzazi, na mavuno yakiisha linafungwa. Kila mmoja akipanda kwa wakati wake, kila wiki kuna shamba lenye masuke mahali fulani, na panya anazaa mfululizo. Makubaliano ya tarehe ya kupanda, ambayo hayagharimu kitu zaidi ya kikao, yanafunga mlango ambao hakuna sumu inayoweza kuufunga.

Halafu kuna matuta. Panya hawa huchimba mashimo ya kuzalia kwenye matuta yanayotenganisha majaruba. Tuta lenye upana usiofika sentimita 30 halitoshi kuwa nyumba. Kwa hiyo matuta yanapunguzwa, magugu yanafyekwa, na wanakijiji hufukua mashimo kwa pamoja mapema, wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, majike hayajashika mimba. Kuua jike mmoja wakati huo ni kuua ukoo wake wote wa msimu. Kumuua baada ya mavuno hakubadilishi chochote, maana wengi wa watoto wake wangekufa njaa wenyewe.

Penye hasara kubwa huongezwa uzio wenye mitego. Kipande kidogo, tuseme mita 20 kwa 20 au zaidi kidogo, hupandwa wiki mbili au tatu kabla ya mashamba mengine na kuzungushiwa plastiki iliyofukiwa chini. Kwenye plastiki hukatwa matundu madogo usawa wa ardhi, na nyuma ya kila tundu hukaa mtego wa waya unaoruhusu kuingia lakini si kutoka. Panya hufuata harufu ya mpunga uliotangulia, anakutana na plastiki, anaambaa nayo, anaona tundu. Asubuhi mtego mmoja unaweza kuwa na panya kadhaa, na kiumbe mwingine aliyenaswa kwa makosa anaachiwa akiwa hai. Uzio mmoja unaweza kukinga eneo la mita 200 kila upande, kama hekta 10 hadi 15. Gharama ya plastiki na kazi ya kuukagua kila asubuhi hugawanywa, kwa kuwa anayeweka uzio anawakinga na wale wasiochangia. Hapo ndipo mpango hukwama mara nyingi, na panya hawahusiki.

Nyumbani na mijini

Mijini kanuni ni ile ile, vyumba ni vingine. Panya wa mjini wengi hawaendi mbali na kiota, mara nyingi hata mita mia hazifiki, kwa hiyo panya wako wanakula taka za hapo hapo. Tundu la milimita 6 linampitisha panya mdogo wa nyumbani, na la milimita 12 hivi linampitisha panya mkubwa ambaye hajakomaa. Kuziba kwa saruji au waya, kuinua magunia sakafuni na kufunika taka huonekana kazi ya kuchosha kuliko kuweka sumu, na inachosha kweli, ila haihitaji kurudiwa kila mwezi.

Paka je? Methali ya paka akiondoka panya hutawala ina nusu ya ukweli. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya siku 79 za kamera kwenye kiwanda kimoja cha taka New York, penye paka wa mitaani na panya wengi. Paka waliua panya wawili tu. Panya waliacha kuonekana hadharani paka wakiwepo, na hilo ndilo linalomfanya mwenye nyumba aamini wamekwisha. Kwa panya wadogo paka husaidia. Panya mzima mkubwa anapigana, na paka aliyeshiba huchagua vita nyepesi. Vifaa vya sauti wasiyoisikia binadamu navyo huwashtua panya siku za mwanzo, kisha wanazoea.

Lipo pia lile la panya kuuma huku akipuliza. Panya hana ganzi mdomoni. Watu wanaoamka na vidonda bila kuhisi mara nyingi ni wale ambao mishipa ya fahamu ya miguu imeharibika, kama wagonjwa wa kisukari cha muda mrefu au ukoma. Kwa hiyo mtu aliyeng'atwa na panya asisikie apimwe miguu, pamoja na kusafishiwa kidonda.

Kwenye magonjwa, jambo moja ni muhimu kuliko mengine. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wake huutafuta mwili mwingine wenye joto. Ndiyo maana penye tauni viroboto hushughulikiwa kwanza kwa dawa, panya baadaye. Kampeni ya kuua panya kwa pupa wakati wa mlipuko inaweza kuongeza wagonjwa.

Hakuna kati ya haya linalohamishika kama lilivyo kutoka shamba moja hadi jingine. Ratiba ya mpunga wa Vietnam haimfai mkulima wa mahindi, kwa kuwa panya shamba anasikiliza mvua na wala hangoji masuke. Penye hasara ndogo, uzio wa plastiki unaweza kugharimu zaidi ya nafaka unayookoa, na hapo mkulima anafanya vyema kuacha panya wale sehemu yao. Na kipimo cha mafanikio kinabaki kile ambacho Hanoi haikukiangalia: miche mingapi imesimama wiki mbili baada ya kupanda, magunia mangapi yamebaki ghalani mwisho wa msimu. Ofisi inayotaka kujua kama mpango wake wa panya unafanya kazi itume mtu akahesabu hivyo.